Jino Lililozibwa Linaweza Kubeba Meno ya Bandia

Popote ulipo, uwe jikoni ukichagua maharagwe, uwe dukani au shambani na redio yako ndogo, tega sikio. Kama una kalamu na karatasi, ziweke karibu.

Leo tunazungumza juu ya meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Hayo ni yale yanayojaza pengo la jino moja, mawili au zaidi, huku meno mengine yako mwenyewe yakiwa bado kinywani. Hasa tutaangalia swali hili: je, jino lililotoboka likazibwa, au lililovikwa kofia, linaweza kutumika kushikilia meno hayo? Au ni afadhali ling'olewe tu?

Swali hili ni muhimu kwa sababu kina mama wengi hufika kliniki wakiwa tayari wameshakata shauri. Wanasema, "Daktari, ling'oe tu, nimechoka nalo." Kung'oa ni bei nafuu na maumivu huisha siku hiyo hiyo. Lakini jino likishatoka halirudi, na huenda ndilo lililokuwa nguzo ya mwisho.

Mfano wa mama mmoja

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa watoto wanne. Katika taya la chini, upande wa kulia, amekwisha kupoteza meno mawili ya kutafunia. Nyuma ya pengo hilo limebaki gego moja peke yake, nalo lina tundu kubwa. Upande wa kushoto pia ana pengo la gego moja, lakini lina meno mazima mbele na nyuma yake. Mama huyu akicheka hufunika kinywa kwa mkono. Akila githeri, humeza mahindi bila kutafuna, kisha tumbo linamsumbua usiku kucha.

Amekwenda kuomba mambo mawili: lile gego bovu ling'olewe, na atengenezewe meno ya bandia. Daktari anampiga picha ya eksirei, anagusa jino, anaangalia ufizi, halafu anamwambia:

"Mama, tukiling'oa hili, nitakutengenezea meno, lakini hayatatulia vizuri. Tukiliziba, meno yako yatakaa imara zaidi."

"Lakini limeoza, daktari. Jino bovu litabeba nini?"

"Limeoza juu, mama. Mizizi yake bado imeshika."

Ili tuelewe jibu hilo, tuone kwanza jinsi meno haya yanavyokaa kinywani.

Meno ya bandia hushikwa na nini?

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua huwa na sehemu kadhaa. Kuna meno yenyewe, na kuna kitako chenye rangi ya ufizi kinachokalia pengo. Kitako hicho hutengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo akriliki. Aina nyingine huwa na fremu nyembamba ya chuma, ambayo mara nyingi ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Ile ya akriliki peke yake ni ya bei ya chini na ni rahisi kuongezewa jino baadaye. Ile ya chuma ni nyembamba, haivunjiki upesi, na hutumia meno yako kama nguzo kwa njia bora zaidi.

Jino lililo jirani ya pengo, lile linaloshikwa na meno ya bandia, tutaliita jino la nguzo. Jino hilo hufanya kazi mbili. Kwanza, huzungukwa na kishikio, yaani mkono mdogo wa waya au chuma unaozuia meno ya bandia yasichomoke unapoongea au unapokula kitu kinachonata. Pili, hubeba kiegemeo, ambacho ni kidole kifupi cha chuma kinachokaa juu ya jino, ndani ya kishimo kidogo ambacho daktari amekichonga.

Kiegemeo hiki ni kidogo lakini kazi yake ni kubwa. Unapotafuna, huchukua uzito na kuupeleka chini kwenye mizizi ya jino na mfupa. Bila kiegemeo, kitako chote huzama kidogo kidogo ndani ya ufizi. Ufizi huuma, na mfupa ulio chini yake huendelea kupungua.

Sasa fikiria benchi. Benchi lenye miguu pande zote mbili hukaliwa na watu wanne bila kuyumba. Likiwa na mguu upande mmoja tu, ukikalia ule upande mwingine linainuka. Ndivyo ilivyo kwa yule mama. Gego lake la nyuma likibaki, meno ya bandia upande wa kulia yatakuwa na mguu mbele na mguu nyuma. Likitoka, upande wa nyuma utategemea ufizi peke yake. Ufizi ni laini, kwa hiyo kila anapotafuna kitako kitapanda na kushuka, na jino la mbele lililoshikwa litavutwa huku na huku mpaka lilegee.

Ndiyo maana daktari alitaka kulihifadhi gego lile, hata kama lilikuwa na tundu.

Je, jino lililotibiwa lina nguvu ya kutosha?

Jibu ni kwamba mara nyingi linaweza, lakini si kila mara. Daktari huangalia mambo haya:

1. Kiasi cha jino kilichobaki. Kama kuta za jino bado ni nene, kuziba kunaweza kutosha. Kama zimebaki nyembamba, zitapasuka zikibebeshwa mzigo.

2. Mizizi na mfupa. Hapa ndipo picha ya eksirei inapohitajika. Jino lenye tundu lakini mizizi yake imezama vizuri ndani ya mfupa ni nguzo bora kuliko jino jeupe lisilo na tundu ambalo linacheza kwa sababu ya ugonjwa wa ufizi.

3. Hali ya ufizi. Ufizi unaovuja damu au kutoa usaha lazima utibiwe kwanza.

4. Kama jino limewahi kutibiwa mzizi, yaani mishipa ya ndani ilitolewa na njia yake kuzibwa. Jino la namna hiyo hupasuka kwa urahisi zaidi, hasa gego. Kwa kawaida huhitaji kofia kabla ya kubebeshwa mzigo.

5. Usafi wa mwenyewe. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloamua nguzo itadumu au la.

Kuna njia mbili kuu za kulitengeneza jino la nguzo. Njia ya kwanza ni kuziba. Daktari huondoa sehemu iliyooza na kujaza dawa ngumu. Kuna ile ya rangi ya fedha, ambayo ina zebaki, na kuna ile nyeupe inayogandishwa kwa mwanga wa taa. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari mapema. Ile yenye zebaki haishauriwi kwa mama wa hali hiyo, wala kwa watoto walio chini ya miaka 15. Ile nyeupe nayo huweza kulika polepole pale chuma kinapokaa, kwa hiyo ichunguzwe kila unapokwenda kliniki.

Njia ya pili ni kofia. Jino huchongwa pande zote, kisha huvikwa kifuniko cha chuma au cha rangi ya jino. Kofia hugharimu zaidi kuliko kuziba, lakini kwa jino lililobaki dhaifu ndiyo kinga yenye uhakika. Aidha, kofia huweza kutengenezwa ikiwa tayari na kishimo cha kiegemeo na umbo linalofaa kishikio.

Utaratibu wa kazi

Msikilizaji, sehemu hii ni muhimu, kwa sababu wengi hupoteza pesa kwa kuanza na mwisho. Matibabu ya meno mengine hutangulia, meno ya bandia huja baadaye. Utaratibu wa kawaida ni huu:

Kwanza, uchunguzi wa kinywa chote na picha ya eksirei. Pili, kusafishwa meno na kutibiwa ufizi. Tatu, kung'oa yale yasiyoweza kuokolewa. Nne, kuziba meno yenye matundu, kutibu mizizi inapobidi, na kuweka kofia. Tano, kusubiri ufizi upone pale palipong'olewa. Hii huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi husubiriwa hadi miezi mitatu hivi. Sita, kuchukua kipimo cha kinywa, kujaribu, na mwisho kuvaa.

Kwa nini kuziba kutangulie? Kwa sababu daktari akijua kuwa jino hilo litabeba meno ya bandia, ataliziba kwa umbo linalofaa na kuchonga kishimo mahali pake. Ukivalishwa meno leo kisha jino la nguzo lizibwe mwezi ujao, umbo lake litabadilika na kishikio hakitakaa sawa.

Na kama tayari una meno ya bandia na jino la nguzo limetoboka, beba meno yako ya bandia unapokwenda kuziba. Usiyaache nyumbani. Daktari atalitengeneza jino huku akiyajaribu, ili yaendelee kukaa. Mama mwenzangu, andika hilo. Huenda likakuepusha na gharama ya meno mapya.

Si kila pengo linahitaji kujazwa

Tuseme ukweli pia upande huu. Mtu aliyepoteza gego moja au mawili ya nyuma kabisa, na anakula bila shida, huenda asihitaji meno ya bandia. Tena, jino likiwa limeoza hadi chini ya ufizi, limepasuka kwenye mzizi au linacheza sana, daktari akisema ling'olewe, msikilize. Nguzo mbovu huharibu nyumba nzima. Muulize tu, "Likitoka hili, meno yangu ya bandia yatashikwa na nini?" Una haki ya kupata jibu kabla hujafungua kinywa.

Uliza pia gharama ya kila hatua. Kama umejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, au kama una bima nyingine, ulizia ni huduma zipi za meno zinazolipiwa. Na hakikisha daktari wa meno amesajiliwa na baraza la KMPDC. Jihadhari na fundi wa mtaani anayebandika jino la bandia kwenye jirani yake kwa gundi ya plastiki. Hulipi pesa nyingi siku ile, lakini ukoga hujificha chini ya gundi, na baada ya muda jino zima la jirani nalo huoza.

Kuitunza nguzo

Sasa turudi kwa mama yetu. Gego lake lilizibwa, akatengenezewa meno, akafurahi. Aliyapenda mno hata akawa analala nayo. Miezi sita baadaye daktari alipoyavua, alikuta doa laini limeanza karibu na kishikio, kando ya ile dawa ya kuziba. Kwa bahati lilikuwa dogo, likatengenezwa siku hiyo hiyo. Angekaa mwaka mwingine, pengine nguzo ingepotea na meno ya bandia yakose kazi.

Sababu ni kwamba kishikio na kitako hushika chakula. Ukoga hukusanyika hapo, na mpaka kati ya jino na dawa iliyozibiwa ndio mahali ambapo kuoza hupenda kuanza upya. Kwa hiyo fuata mambo haya:

Vua meno ya bandia kabla ya kulala. Ufizi unahitaji kupumzika na kupata mate. Anayelala nayo kila usiku huweza kupata ukungu wa kinywa, ambapo sehemu iliyofunikwa huwa nyekundu na kuwasha. Yaweke ndani ya kikombe cha maji safi, kwa maana akriliki ikikauka huweza kupinda.

Piga mswaki meno yako mwenyewe mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi. Meno ya nguzo yape muda wa ziada, hasa upande unaotazama pengo.

Meno ya bandia yasugue kwa mswaki wake, sabuni ya kawaida na maji ya baridi au vuguvugu. Usitumie maji moto, kwani yatapinda. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo kwenye yale ya chuma. Weka karai la maji au taulo chini yake ili yakikuponyoka yasivunjike. Suuza kila baada ya kula.

Unapoyavaa, yasukume kwa vidole mpaka yakae. Usiyaume ili yaingie, kwa sababu vishikio hupinda. Unapoyavua, vuta pande zote mbili pamoja.

Vishikio vikilegea, usivikaze kwa koleo nyumbani, na kitako kikivunjika usikigundishe. Rudi kliniki. Kama kuna mahali panapouma, yavae siku moja kabla ya kwenda, ili daktari aone alama ya kidonda.

Usifungue soda kwa meno, na punguza vitu vya sukari kati ya mlo na mlo. Miwa na nyama ngumu zisianze kutafunwa wiki ya kwanza. Anza na ugali na mboga, viazi na ndizi, ukitafuna pande zote mbili.

Rudi kuchunguzwa kila miezi sita, hata kama hakuna kinachouma.

Kwa wanaowatunza wazee na wagonjwa

Wengi wenu mnawatunza mama mkwe au baba nyumbani. Mzee mwenye mikono inayotetemeka hawezi kuyavua na kuyasafisha vizuri peke yake. Msaidie kila jioni, ukimwomba ruhusa kwa heshima, kwani kinywa ni mahali pa siri. Angalia kama vishikio bado vinabana. Meno madogo yanayolegea huweza kumezwa au kuziba koo, hasa kwa mtu mwenye kifafa au aliyepooza. Ikitokea meno yamepotea ghafla wakati wa kula na mzee anakohoa au hawezi kumeza, mpeleke hospitali mara moja.

Katika jamii ya Waluo, wako wazee ambao meno yao sita ya mbele ya chini yaling'olewa kwa desturi walipokuwa vijana. Wengine huishi vizuri bila kuyarudishia. Kwa anayetaka, meno ya nguzo huwa ni yale yaliyo nyuma tu ya pengo, kwa hiyo meno hayo yatunzwe zaidi.

Nguzo huanza utotoni

Mwisho, tusiwasahau watoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utoto. Kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kulipisha, mama wengi hudhani ni la utoto na kwamba litabadilishwa. Halibadilishwi. Likioza akiwa darasa la tatu na kung'olewa, pengo lake ni la maisha. Chungulia kinywa cha mtoto wa miaka 6, na likiwa na doa jeusi mpeleke likazibwe mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pia, usikubali mtoto mchanga atobolewe ufizi kwa madai kwamba ana "meno ya plastiki" au "ya nailoni" yanayoleta homa na kuhara. Uvimbe ule ni chonge za utoto zinazojitayarisha kuota. Kuzitoboa huleta kutokwa na damu na maambukizi yanayoweza kuua, na huweza kuharibu chonge za kudumu zilizo chini yake. Chonge ndiyo yenye mzizi mrefu kuliko meno yote, nayo ni miongoni mwa nguzo bora za kinywa. Mtoto mwenye homa au kuhara apelekwe kituo cha afya.

Na lile neno kwamba kila mimba hung'oa jino moja si kweli. Mtoto tumboni hachukui madini kutoka kwenye meno ya mama. Kinachotokea ni kwamba ufizi huvimba kwa urahisi wakati wa mimba, na mama huahirisha kwenda kliniki. Meno huweza kutibiwa wakati wa mimba. Mjulishe daktari tu kwamba u mjamzito.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kabla ya kusema "ling'oe tu", uliza kwanza kama linaweza kuzibwa.

Mambo ya kukumbuka

- Jino lililozibwa au kuvikwa kofia linaweza kuwa nguzo ya meno ya bandia, mradi mizizi na ufizi ni imara.
- Matibabu ya meno hutangulia, meno ya bandia hufuata.
- Ukienda kuziba jino la nguzo, beba meno yako ya bandia.
- Vua usiku, safisha kila siku, rudi kliniki kila miezi sita.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini watu wengi kwetu huchagua kung'oa badala ya kuziba? Tunaweza kusaidianaje, kwa mfano kupitia chama?
2. Ni nani nyumbani kwako anayevaa meno ya bandia? Huyasafisha vipi, na wapi huyaweka usiku?
3. Watoto wenu wa miaka 6 na 7 wameshaota gego la kwanza la kudumu? Mwangalie leo jioni, kisha mweleze kikundi mlichokiona.